Alama Thelathini za Mama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Barua ya hospitali imekuja! Nimeifungua koti likiwa bado mwilini. Damu ya Mama ina dalili za mwanzo za Alzheimer – lakini mtihani wa kumbukumbu kapata thelathini kwa thelathini. Kwa hiyo haingii kwenye majaribio ya dawa. Wanawataka walioanza kusahau.

Thelathini! Mama huyu huyu aliyesali adhuhuri mara mbili jana, nilipomwambia akanigombeza.

Jumanne, 7 Oktoba

Maabara kutwa. Vichupa vya damu vina namba tu, havina majina, na kichwa changu hakipo. Nikamuuliza Surinder, mkuu wangu, kama mtihani ule wa mdomo unaweza kukosea. Akasema sana tu – hasa mkalimani akiwa ndugu.

Mkalimani alikuwa Kaka Hafidh. Hospitali ilimleta Athanase, Mkongo mpole, Mama akamkataa: hawezi kujibu maswali kama mtoto mbele ya mwanamume asiyemjua. Mimi siruhusiwi, ni mfanyakazi wa utafiti. Nikamwomba Kaka. Mimi mwenyewe!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemkuta Kaka dukani kwake Coventry Road, hapa Birmingham, anakunja mitandio. Sikuzunguka. Na wala hakukana! Muuguzi aliuliza huu mwaka gani, Mama akajibu waulizwe wenye kalenda. Kaka akatafsiri: 2025. Maneno matano ya kukumbuka, Mama hakutaja hata moja. Kayataja yeye, yote matano.

"Ulitaka nimuaibishe mama yangu mbele za watu?" kasema. "Waandike kapungukiwa na akili?"

Nikamwambia kamfungia mlango wa dawa.

"Dawa gani? Si ulisema mwenyewe nusu yao wanapewa dawa ya uongo?"

Kweli nilisema. Lakini nafasi ni nafasi! Nimetoka bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelia ndani ya basi, mbele ya watu, sikujali.

Ijumaa, 10 Oktoba

Surinder kanisaidia. Mama atapimwa upya Jumatatu, mkalimani mwanamke, kwa simu. Orodha inafungwa siku hiyo hiyo. Kaka nimemwambia asitie mguu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama anauliza kesho tarehe ngapi. Namjibu. Anauliza tena. Maskini Mama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika hapa hapa hospitalini tunapongojea. Mama alikaa ngumi kaifumba. Nikadhani kashika tasbihi, nikamfumbua vidole. Kiganja kizima kimeandikwa kwa kalamu, herufi za Kiarabu, mwandiko wake: Jumatatu. Oktoba. 2025. Birmingham.

"Kaka kakwambia uandike?"

"Hafidh hana kosa. Mimi ndiye niliyemwomba anijibie. Nikamwapisha asikwambie."

"Lakini kwa nini, Mama?"

"Nilikusikia kwenye simu, Saleha. Ukiulizia nyumba ya wazee, kama wana kitanda."

Nilipiga mara moja tu. Mwezi wa nane, siku nilipokuwa nimechoka. Nilinong'ona, tena kwa Kiingereza; kumbe alielewa. Hilo hakulisahau.

Nimemwambia dawa ni kitu kingine na nyumba ya wazee kitu kingine. Akasema, "Niapie basi kwamba hutonipeleka."

Muuguzi, Bi Raj, katoka, kaita jina lake. Mama hajanyanyuka. Kanyoosha kiganja, anangoja niape kwanza, na mimi tayari nimeshika kitambaa cha maji cha kuyafuta maandishi.