Chujio la Sponji

Mwanangu,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto.

Nimekununulia chujio la tangi lako la samaki, liko juu ya friji. Asubuhi muuzaji alinisifia lile kubwa la mota: "Mama, hili linasafisha mpaka dhambi!" Lakini mkondo wake ungewayumbisha samaki wako wadogo. Akawasha hili la sponji, maji yakabubujika polepole, nami nikajiona tena mdogo, sebuleni kwa marehemu babu yako, nimelala kando ya tangi lake. Nililia pale dukani kama mtoto.

Sponji huoshwa kwa maji ya tangi, si ya bomba.

~~Ukishindwa kulifunga, mwite fundi.~~ Usimwite mtu. Babu yako alinifundisha kulifunga, mikono yetu yote minne ikiwa majini. Nisubiri.

Mama yako