Kope la Ilyasi

Bujumbura, Aprili 1996

Dada Houda,

Salaam aleykum. Watoto wazima, mvua imejaza maji mtaa wetu wa Buterere.

Unakumbuka mume wangu alivyokoroma mpaka pumzi inakatika, na kope lake lililolegea likajigeuza ndani nje kwenye mto, asubuhi jicho jekundu? Mimi ndiye niliyelirudisha kwa kidole.

Vita vilipofika mtaani, tulijificha nyumba moja na majirani. Wakasema mkoromo wake utawaleta wenye bunduki. Ilyasi akawaambia, "Apana kugombana. Mi nitalala garaji." Wenye bunduki wakaja, wakamuulia huko huko.

Waliomwosha walishindwa kulifunga lile jicho, wakaniita. Nikalirudisha kope kwa kidole, likatulia. Nikabaki nimeinama, nasubiri akorome.

Tuombee.

Mdogo wako,
Mwantum