Hendeli Iko Sandukuni Mwangu

Tunduma, Agosti 1978

Baba Fatu,

Salamu. Sisi uliotuacha tu wazima. Sukari imeadimika tena, na Fatu ameota jino.

Taa zako zimeungua. Mdogo wako Othmani alitaka nyumba ing'ae siku utakapomleta mke mwenzangu kutoka Nakonde, akakaza skrubu ya mwendo wa jenereta. Nilimwambia injini ikikimbia kupita kiasi, umeme nao unapanda. Akanijibu, "Shemeji, rudi jikoni." Taa zikawaka nyeupe kama jua, zikapasuka, na redio yako ikatoa moshi.

Sasa mama yako anasema ni wivu wangu, nimeroga. Wivu ninao, sikatai. Lakini mimi nikitaka kuharibu kitu sihitaji mganga.

Skrubu nimeilegeza mwenyewe, nikijaribu kwa balbu moja mpaka mwanga ukatulia.

Mlete tu huyo bibi harusi, nitampokea kwa heshima. Ila hendeli ya kuwashia injini nimeifungia sandukuni mwangu, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu. Atakayetaka mwanga katika nyumba hii ataniomba mimi, na wewe ukiwamo.

Mkeo wa kwanza,
Mwanaasha