Sinia la Mama Mkwe Chini ya Zulia la Gari

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie na unisamehe mwandiko, naandika nusu kwa hofu na nusu kwa mapenzi. Nina miezi saba tu ndani ya ndoa, na bado kila nikisikia gari la mume wangu linakata kona ya kwetu moyo unaniruka kama vile ndiyo kwanza anakuja kunichumbia, na hapo ndipo penye kilio changu, maana kilio chenyewe ni hilo gari.

Ni gari kuukuu, jeupe, aliachiwa na marehemu baba yake, na analipenda hata amelipa jina, analiita Mke Mkubwa. Mimi nikasema sitamwonea wivu mke mwenzangu, nitamwogesha. Basi kila Jumamosi asubuhi mume wangu akiwa kibandani kwake (ni fundi saa, Mshauri, ana vidole vya ajabu, anashika skrubu ndogo kuliko chawa na wala haimponyoki) mimi huku nachukua mpira wa maji nalimwagia gari ndani na nje, sakafuni namwaga maji ya sabuni ndoo nzima nasugua, kisha natia marashi ya waridi, narudisha zulia likiwa bado bichi na kufunga vioo vyote ili harufu isitoke. Jioni akifungua mlango anavuta pumzi ndefu na kusema, "Ah, Mke Mkubwa leo katoka kuoga!" na mimi nayeyuka pale pale mlangoni.

Sasa mwezi uliopita nimekaa kiti cha mbele, namsimulia habari za jirani, mara kisigino cha kiatu changu kikazama, nikahisi upepo wa barabara unanipapasa unyayo! Aliposhuka kununua mkate nikafunua zulia, Mshauri, bati limeliwa na kutu, nikiligusa linavunjika kama biskuti, tundu la kupita kiganja, naona kokoto zinanitazama. Nikajua ni maji yangu hayo. Sikuwa na ujasiri wa kusema, kwa sababu gari ndicho kitu pekee alichonacho cha baba yake, na mimi ndiye nimekiua kwa marashi.

Kesho yake nikachukua sinia la aluminiamu alilotuzawadia mama mkwe siku ya harusi, likakaa pale kwenye tundu kama lilipimwa, nikalibandika kwa gundi, nikarudisha zulia. Mume wangu akaniuliza, "Mbona siku hizi unakaa kama umekalia mayai?" Nikamjibu, "Nakaa kama malkia." Akacheka, na tangu hapo, Mshauri, mahaba yamezidi! Kila dimbwi analizunguka, kwenye matuta anakwenda taratibu na kuniambia, "Inua miguu, malkia wangu," na juzi kaninunulia raba nene ya kutandika sakafuni, moja tu, ya upande wangu, yeye mwenyewe hakujinunulia. Mwanamume kama huyu nitamwambiaje?

Na mama mkwe anakuja Jumamosi hii, mume wangu ataenda kumpokea stendi, na mama hajapata kukaa kiti cha nyuma maishani mwake, na mwili Mungu amemjalia. Jana alipiga simu, "Mwanangu, lile sinia langu bado linang'aa?" Nikasema, "Linang'aa, mama, kila tuendako tunalo." Sikudanganya, ila sikulala. Nitafute sinia lingine niliweke juu ya lile? Nimshawishi mama akae nyuma? Au niseme ukweli nionekane mke mharibifu kabla hata mwaka haujaisha?

Ni mimi, Malkia wa Kiti cha Mbele.

JIBU

Marahaba, Malkia. Mapenzi yako nimeyaona na tundu lako nimeliona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa sinia.

Kwanza nikutue mzigo. Miezi saba ya sabuni haili bati zima. Kutu ilianza kabla hujaolewa, wewe umeinywesha tu. Mke Mkubwa aliingia kwenye ndoa yenu akiwa mgonjwa.

Pili, nikuulize: mtu anayeona skrubu ndogo kuliko chawa, ashindwe kuona sinia? Anazunguka madimbwi, anakwambia inua miguu, ananunua raba moja ya upande wenye tundu. Mwanangu, mumeo anajua! Bila shaka anaona aibu kwamba amekuoa akakupakiza kwenye gari bovu, kwa hiyo naye anakuficha. Mnafichana shimo ambalo kila kuku wa barabarani ameshaliona. Na wewe fundi saa, kama unasoma hapa, usicheke. Raba si sakafu.

Leo hii, kabla ya chakula, mshike mkono, mfunue zulia pamoja, useme, "Nimeliona, na najua nawe umeliona." Usianze kulia, utamnyima nafasi ya kuungama.

Baada ya hapo gari lisitembee. Jumamosi mpokeeni mama kwa teksi, nyote wawili. Gari lipelekeni kwa fundi wa bodi anayejua kuchomelea. Atoe kiti na zulia, achomoe betri, na kabla hajawasha moto achungulie uvunguni, maana mabomba ya mafuta na ya breki yanapita huko. Akate kutu yote mpaka afike kwenye chuma kizima kinachong'aa, achomelee bati jipya la chuma kuzunguka pande zote, apake rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Agongegonge pia pale kiti na mkanda vinapofungwa, kutu haina adabu ya kukaa mahali pamoja. Akikwambia atalichomelea hilo hilo sinia, ondokeni: aluminiamu na chuma havioani kwa moto. Tena mwambieni akague mpira wa kioo cha mbele, huenda mvua ilikutangulia kuogesha.

Kuanzia sasa ndani ya gari ni kitambaa kilichokamuliwa, na zulia likauke juani milango ikiwa wazi. Marashi jipake wewe.

Sinia libandue, na mama akifika mkabidhi mkononi na umweleze lilipokuwa kabla hajauliza. Atakucheka mpaka machozi, kisha atamsimulia kila mtu. Vumilia, ndiyo faini yako. Ila usimpakulie humo.

Halafu siku gari likirudi, sakafu mpya, imara, kaa kiti chako cha mbele na utulie. Ukimwona bado anazunguka dimbwi na kusema inua miguu, hapo mwanangu ndipo uniandikie tena kuhusu mahaba.