Uzi Mwekundu wa Mama Neema

Mjukuu wangu Esperance,

Nakusalimu huko Louisville. Hapa Buffalo theluji imefika dirishani, mjomba wako bado yuko kazini kule warehouse, ghala la mizigo, na magoti yangu yananikumbusha umri.

Unauliza mbona nilinyamaza kwenye simu uliponiambia mume wako amepandishwa cheo jeshini. Ulifikiri sikufurahi.

Wakati wa vita kule kwetu Kivu, babu yako alifanywa kapiteni. Aliniletea galoni, zile alama za begani, nizishone kwenye shati lake. Nilijivuna mno. Hata chumvi nilikwenda kununua nimevaa kitenge cha harusi. Wanawake wa kambi yetu ya jeshi walijaa uani wakiimba. Rafiki yangu Mama Neema, ambaye mume wake alikuwa kapiteni kule mapiganoni, ndiye alipiga makofi kuliko wote. "Sasa tuko Mama Kapiteni wawili," alisema.

Bon, nikaingia ndani kushona. Nilipogeuza galoni, nikaona nyuma yake mabaki ya uzi mwekundu yenye mafundo matatu. Mama Neema peke yake ndiye alikuwa anashona hivyo, fundo moja kwa kila mtoto wake.

Nikaweka sindano chini. Nilimtazama babu yako, naye akaninong'oneza: "Bado hajaambiwa."

Uani, Mama Neema alikuwa bado anaimba.

Donc, siku ile kwenye simu nilikuwa nasikia makofi yake. Mpe mume wako hongera zangu.

Koko wako