Sitaweka Paka

Jumatatu, 3 Machi

Watu tisa sasa. Tisa wamejaribu sura ya jikoni ya gemu yetu, tisa wamekwama. Wa leo alikuwa kinyozi wa pale chini. Dakika ishirini na mbili. Alimweka mtoto kwenye kiti, mtoto akalia. Sakafuni, akalia. Kwenye beseni la vyombo — akalia zaidi, na ana haki. Mwisho kinyozi akaisukuma mausi, akasema, "Dada, huyu mtoto ana tatizo gani?"

Sikumjibu. Ndiyo sheria yetu mimi na Fundi. Mtu akikaa kujaribu, sisi tunafunga midomo. Hata akipotea. Hata akiomba kwa upole. Unaandika tu alichobofya na alichosema. Fundi, ambaye ndiye anaiandikia gemu programu, anasema hutakwenda nyumbani kwa kila mchezaji kumnong'oneza, kwa hiyo zoea kunyamaza.

Niliandike fumbo lenyewe hapa, maana kichwa changu siku hizi ni chujio. Mama yuko jikoni, mtoto kiunoni, amebaki na mkono mmoja. Ufunguo wa mlango umo ndani ya kopo. Kifuniko ni cha kuzungusha na kimekaza. Wote wanahangaika kutafuta pa kumweka mtoto. Hakuna pa kumweka, akilia tu mama anambeba tena! Unatakiwa umbofye mama mwenyewe. Ukimbofya anakaa chini. Mtoto anaingia mapajani, kopo linabanwa kwa magoti, mkono unabaki wa kuzungusha. Basi.

Wanabofya sufuria, dirisha, kalenda, mpaka nzi. Mama hawambofyi.

Nimelitoa wapi hilo fumbo? Hapahapa. Naandika nimekaa chini, Bosi yuko mapajani — mwanangu, miezi kumi na moja, cheo kajipa mwenyewe. Anakula kona ya daftari.

Jumanne, 4 Machi

Msambazaji amepiga simu. Huyu ndiye ataamua kama gemu yetu inaingia kwenye orodha yake ya mwaka huu au inabaki kwenye kompyuta zetu mbili. Ikibaki, Fundi anarudi kwenye meza ya kutengeneza simu na mimi narudi kwenye ngazi kuandika mabango ya maduka. Miaka miwili ya kazi, kwaheri.

Sura tatu amezipenda. Ya jikoni, hapana. Anasema mtoto anakera. Anasema watu wanataka kutoroka jikoni, hawataki kuingia. Halafu akatoa ushauri wake kama mtu anayetoa zawadi: tumwondoe mtoto, tuweke paka. Paka naye anabebeka. Na watu wanapenda paka.

Nikamwambia paka ukimweka chini anakwenda zake, kwa hiyo fumbo limekufa. Akacheka. Akasema, "Ndiyo hivyo dada, linakuwa rahisi." Atakuja mwenyewe kucheza siku ya onyesho la gemu, Jumamosi tarehe kumi na tano. Nifikirie.

Fundi alikuwa amesikia kila kitu. Akajifanya anakuna shingo.

"Mama Bosi, paka unaweza kumchora kwa siku moja."

"Kwa saa moja naweza."

"Sasa?"

"Sasa simchori."

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe alikuja chumba cha kazi kunishikia Bosi. Nikamwomba ajaribu na yeye. Mausi hakutaka kuigusa, ati vidole vyake ni vya unga na vitaiharibu. Akasema sisi tubofye, yeye atatuelekeza. Akaangalia jiko la kwenye kioo muda mrefu, kama anakagua usafi.

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

Nikasema yuko kazini.

"Hana simu?"

Mimi na Fundi tukatazamana. Miezi yote hii hatukuwahi kufikiria simu! Kabla ya saa nane nilikuwa nimeichora, imetundikwa ukutani karibu na kalenda, na Fundi kaingiza sauti yake. Ukiibofya, mwanaume anasema, "Niko njiani." Ukirudia, "Niko njiani." Hata mara mia.

Mama mkwe akasikiliza mara tatu.

"Hii sauti si ya mwanangu."

"Hapana mama, ni ya Fundi."

"Sauti ni ya Fundi," akasema, akimweka Bosi begani. "Maneno ni ya mwanangu."

Jioni nikamwonyesha mume wangu. Alikuwa amesema atarudi saa kumi na mbili, akarudi saa mbili kasoro. Alibofya simu mara nne. Akamchukua Bosi, akaenda kuosha vyombo huku kambeba. Nikasikia kikombe kimedondoka. Halafu sauti yake: mkono mmoja hauoshi sahani.

Nilikaa kwenye kiti nikanywa chai ikiwa bado ya moto. Sikwenda kumsaidia.

Ijumaa, 7 Machi

Meno. Mawili ya juu, kwa pamoja. Sina cha kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Leo walikuja wanafunzi wawili wa chuo. Wote wawili walifungua kopo ndani ya dakika moja. Moyo ukanipanda! Halafu nikaangalia nyuso zao. Hakuna kitu. Mmoja kapiga miayo, kasema, "Sawa, inayofuata." Nikawauliza, baada ya kumaliza, walijuaje.

"Si hilo duara linang'aa."

Mimi sijui habari ya duara lolote.

Kumbe Fundi, jana Jumapili, peke yake, bila hata kunitumia ujumbe, kamzungushia mama mwanga. Unawaka na kuzima, kama taa ya duka la dawa. Nilisubiri wanafunzi washuke ngazi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu mimi sisikii. Akasema yule mwenye duka la simu, anayetaka kumrudisha kazini, anataka jibu lake mwisho wa mwezi, na mimi nashindana na dunia nzima kwa ajili ya kopo. "Hii gemu si yako peke yako," akasema. Kweli. Nikamwambia si ya kwake peke yake pia, ndiyo maana watu huulizana. Nikamwambia mchezaji anayeonyeshwa kwa taa hajamwona mama, ameona taa.

"Mama Bosi, watu hawaoni. Tisa. Hesabu ni hesabu."

"Basi watajifunza kuona."

Nikakaa kwenye kiti chake, nikalizima duara mwenyewe. Hakunizuia. Ila aliondoka bila kuniaga, na ameacha kikombe chake hakijaoshwa, kitu ambacho hajawahi.

Jumanne, 11 Machi

Niliingia mapema nikiwa na hasira za kutosha mtaa mzima. Bosi alilala kwenye mkeka chini ya meza. Nikafungua daftari la majaribio, nisome tangu mwanzo, nitafute ushahidi wa kumnyamazisha Fundi.

Nikakutana na mshonaji. Yule wa mlango wa pili, mtu wa nne kujaribu. Maneno yake yako hapo, kwa mwandiko wangu, na nimeyapigia mstari kabisa: *Nambofya yeye, lakini anayeitika ni mtoto.*

Niliandika. Sikusoma.

Ikoje: kila kitu kwenye picha kina eneo lake, huwezi kuliona, ila mausi inalijua. Ukibofya ndani ya eneo la sufuria, sufuria inaitika. Maeneo nayachora mimi kwa mkono. La mtoto nililikuza mwezi wa kwanza, kwa sababu alikuwa mdogo na vigumu kumlenga. Nikalikuza, nikasahau. Leo nimeliwasha lionekane kwa rangi nyekundu. Linaanzia shingoni kwa mama mpaka magotini. Yeye kabakiwa na kichwa na miguu.

Nikarudi kwenye daftari. Wanne kati ya tisa walimbofya mama. Wanne! Kifuani, tumboni, begani. Kila mara mtoto akaitika. Wiki tatu nawaita watu vipofu, kumbe walikuwa wanamwona. Aliyemfunika ni mimi.

Masikio yaliniwaka. Nilitamani kufunga kompyuta, niende kulala kwenye mkeka na Bosi. Nikafikiria pia kurekebisha kimyakimya, Fundi asijue. Nakiri, nilifikiria. Lakini jana nimempigia kelele kwa kufanya mambo kimyakimya.

Alipoingia nikamwonyesha rangi nyekundu. Nikasema, "Kosa ni langu." Alisimama hapo na mkoba begani. Nilidhani atafurahi. Akavuta kiti, akaangalia karibu.

"Kwa hiyo hata duara langu..."

"Lilikuwa linafanya kazi kichwani na miguuni tu. Wale wanafunzi walibahatika, walimbofya usoni."

Akaanza kucheka. Anacheka bila sauti, mabega ndiyo yanacheka. Mimi nikacheka mpaka machozi — uchovu ule. Mchana wote tumekata maeneo upya. Mtoto kapewa umbo lake tu. Mama amerudishiwa mwili wake.

Kabla hajaondoka akauliza taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. "Na paka?"

"Paka hapana."

Kaosha vikombe vyote viwili.

Alhamisi, 13 Machi

Watu watatu. Wawili wamekwama vilevile. Wa tatu alikuwa mshonaji, nilimfuata mwenyewe dukani kwake, nikamwomba msamaha. Hakuelewa namwomba msamaha wa nini lakini akaja, sindano bado zimechomekwa kwenye kola.

Alimbofya mama tumboni. Mama akakaa. Mtoto akateleza mapajani, kopo likaingia kati ya magoti, kifuniko kikazunguka. Mshonaji akaegemea kiti. Halafu akaomba arudie. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananiangalia mimi, si kioo.

Mmoja kati ya watatu. Fundi anasema haitoshi. Nikamwambia wiki iliyopita ilikuwa sifuri.

Saa tisa msambazaji akapiga. Simu aliishika Fundi. Nikasikia sauti ikiuliza kwa uchangamfu kama paka ameshazaliwa. Fundi akaniangalia. Nilikuwa namlisha Bosi ndizi, sikumfanyia ishara yoyote, naapa.

"Hakuna paka," Fundi akasema. "Utamkuta mtoto."

Alipokata, aliishika ile simu muda mrefu kwa mikono yote miwili. Akasema tumekwisha. Nikamwambia ale ndizi iliyobaki.

Jumamosi, 15 Machi. Ukumbini

Saa nne na nusu. Meza yetu iko pembeni, karibu na mlango wa stoo. Nyaya kila mahali. Mama mkwe kaamka na homa, mume wangu ana zamu — anasema akitoka atapitia hapa, yuko njiani. Kwa hiyo Bosi yuko nami, kiunoni. Sakafu ni chafu na imejaa nyaya, hapa hashuki. Daftari liko mezani, naandika kwa mkono uliobaki.

Saa tano na dakika tano. Msambazaji amefika. Ni mfupi kuliko sauti yake. Kampa Bosi kidole, Bosi kakikataa. Kakaa, kavaa visikilizio. Anacheza mbele yetu. Sura ya kwanza kaimaliza vizuri, anacheka panapochekesha.

Tano na ishirini. Jikoni.

Kamweka mtoto kwenye kiti. Analia. Sakafuni. Analia. Kageuza visikilizio, sikio moja nje.

Dirisha. Sufuria. Kalenda. Nzi, mara mbili.

Simu. "Niko njiani." Kacheka kwa sauti, watu wa meza ya pili wamegeuka. Kabofya tena, kacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka. Kaangalia ukutani kwenye simu ile.

Tano na nusu. Kopo. "Siwezi kwa mkono mmoja," mama anasema. Kopo tena. Kopo tena.

Mausi imepita juu ya kichwa cha mama kwenda dirishani. Haikusimama.

Fundi kavuta pumzi ya kutaka kusema. Nimemkanyaga kiatu. Kaitoa pumzi kupitia puani.

Tano na thelathini na saba. Msambazaji kageuka. "Dada, nisaidie kidogo tu. Anatakiwa afanyeje?"

Nimeandika swali lake kwenye daftari. Amesubiri. Ameona naandika. Kageukia kioo.

Bosi amelala, sasa ana uzito wa gunia. Nimesimama tangu saa mbili. Mgongo umekuwa kamba inayovutwa, mkono wa kushoto siusikii. Fundi kanisogezea kiti kwa mguu, ananionyesha kwa macho nikae. Hajafikiria. Nikikaa, nikimwingiza Bosi mapajani, huyu mtu akigeuka tena ataona jibu zima.

Kiti nimekirudisha kwa goti.

Tano na arobaini. Ameiachia mausi. Hajainuka. Ananitazama, kisha Bosi, kisha mkono wangu unaoandika.

Sikai.