Betri Mpya Kwenye Kikanyagio Chako

Nyumbani, chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu tele. Hujambo? Wifi na watoto wazima? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana? Sisi kwa mwili tuko salama. Kwa roho, niulize ukishamaliza kusoma.

Mama hajambo, ila masikio yanazidi kumwishia. Siku hizi ukimsalimu mara ya kwanza anatabasamu tu, mara ya pili ndiyo anaitikia. Ndiyo maana nilitaka albamu hii ya nyimbo tunayorekodi na mume wangu iishe upesi, hasa ule wimbo uliomtungia kabla hujaondoka. Nilitaka ausikie angali anasikia.

Tunarekodi nyuma ya duka la cherehani, chumba kimebandikwa trei za mayai kuta zote. Amplifaya shemeji yako kaiweka chooni, eti vigae vinatoa mwangwi mzuri. Yeye anapiga gitaa huku, sauti inatokea kule, na maikrofoni inaning'inia kwenye kamba ya taulo. Wimbo ukianza, mwenye haja zake avumilie. Mimi nina gitaa la besi begani na vikombe viwili vya chai tumboni, na bwana mkubwa anarudia kipande kilekile mara kumi na saba.

Nyimbo tisa zikaisha, zote kwa kikanyagio chako chekundu, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya gitaa likorome. Ukabaki wa Mama. Nikajitia wema: nikakifungua, nikakuta betri imeota kutu, nikatia mpya. Ile kuukuu nikaitupa, na gari la taka likapita asubuhi hiyohiyo.

Kaka, ungedhani nimeua mtu! Kumbe betri ikikaribia kufa ndipo kikanyagio kinatoa ule mkoromo mkavu wa kukatikakatika, na shemeji yako alilijua hilo siku zote asimwambie yeyote. Sasa mlio umekuwa mnene, umejaa, haulingani na zile tisa. Akakaa sakafuni, akashika kichwa.

"Umeniharibia albamu nzima," akaniambia mbele ya fundi mitambo anayeturekodi. Siku tatu hatukusemezana ila kuombana chumvi.

Kisha akaanza kuzunguka mtaani akiomba betri zilizochoka. Watu wanamhurumia, wanampa mpya, anazikataa! Redio ya Mama akaiacha ikiwaka kutwa nzima ili betri yake ichoke. Na fundi mitambo alikwisha kutuonya kwamba mwisho wetu ni Alhamisi, Ijumaa chumba ni cha kwaya.

Alhamisi uvumilivu ukanishinda. Nikamshika Mama mkono hadi studio, nikamkalisha mlangoni mwa choo, nikamwamuru shemeji yako apige na betri hiyohiyo mpya. Akapiga huku amenuna. Mama akaweka kiganja juu ya amplifaya, akafumba macho. Wimbo ulipokwisha akanigeukia.

"Amerudi lini?"

"Nani, Mama?"

"Kaka yako. Si ndiye anayepiga humo ndani?"

Nililia, sikufichi. Enzi zako betri ilikuwa mpya, na mlio ulikuwa huohuo. Fundi mitambo, aliyekwisha kuurekodi, akasema harudii hata nukta moja.

Ungedhani yameisha. Sasa shemeji yako anataka zile tisa zirudiwe zote kwa betri mpya, na amekwenda kuibembeleza kwaya itupishe. Huyo nitapambana naye mwenyewe.

La Mama siliwezi. Kila asubuhi ananiuliza uko chumba gani, mbona huji kunywa chai. Nimechoka kukujibia, Kaka. Njoo umjibu mwenyewe. Wala usimpigie simu, hasikii.

Msalimie sana wifi, na wanangu wote wawili, hasa yule kitinda mimba niliyemwona kwenye picha tu. Shemeji yako anakusalimu, ingawa hastahili. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika.